Bega Langu Mbele ya Mkwe

Bega langu la kulia lilinigomea nikiwa nimeshika samaki. Nilikuwa kwenye jiko langu pale Dunga, kando ya ziwa, mafuta yanachemka kwenye karai, nikageuka kumpa mteja ngege wake, na mkono ulipofika usawa wa kifua ukasimama. Sikuwa nimeanguka. Sikuwa nimebeba kitu kizito. Mteja alibaki amenyoosha sahani, mimi nimenyoosha samaki, na baina yetu kulikuwa na nafasi ambayo hakuna aliyeweza kuimaliza.

“Mama, kwani leo unanipima?” akaniuliza.

Nikamwambia asogee. Alisogea, akachukua samaki wake, akaondoka akiamini kwamba nina kiburi. Kiburi ninacho, lakini siku ile hakikuhusika.

Nilidhani ni uchovu tu. Nimekaanga samaki tangu binti yangu hajaota meno, na mwili wa mtu wa karai una vilio vyake: leo mgongo, kesho magoti, keshokutwa macho upepo wa ziwa ukigeuza moshi. Lakini hili bega lilikuwa na tabia yake. Nikitaka kuchana nywele, linakataa. Nikitaka kujifunga leso, linakataa. Nikililalia, linaniamsha kwa hasira, na nikigeukia upande wa pili linaniamsha tena kuniuliza kwa nini nimehama.

Ikabidi mume wangu awe ananifunga zipu. Mume wangu ni dereva wa basi aliyestaafu. Tangu astaafu haendeshi kitu ila rimoti ya televisheni, lakini haraka ya barabarani haijamtoka. Alipandisha zipu ya gauni langu kama mtu anayeondoka stendi, na mara nyingi aliondoka na ngozi yangu. Nikipiga kelele anasema, “Aa yawa, si ungesema bado uko hapo!”

Kilichonitia hofu hasa ni beseni. Samaki wabichi hununuliwa kule boti zinakofika, wanawekwa kwenye beseni, beseni linapanda kichwani, na mtu anatembea nalo hadi jikoni kwake. Beseni halipandi kichwani kwa mkono mmoja. Jirani yangu wa jiko, ambaye karai lake liko karibu na langu tangu zamani, alianza kunibebea, kisha akaanza kunikaangia, kisha wateja wangu wakaanza kusema samaki wake wanakauka vizuri. Siku moja akaniuliza kwa upole mno kama angeweza kusogeza karai lake kidogo, liwe katikati. Nilijua maana yake. Mkono usiporudi, jiko langu limekwenda, na mimi nitabaki nyumbani kutwa nzima na mwanamume anayebishana na televisheni. Niliogopa. Nasema wazi, niliogopa kuliko nilivyokuwa nimeogopa jambo lolote kwa miaka mingi.

Dunga kila mtu ni daktari. Mmoja aliniambia nijipake mafuta ya mbuta, yule samaki mkubwa wa ziwa letu, mwingine akasema kuna mtu amenionea wivu, na wote wawili walimtazama jirani yangu wa jiko akiwa hapo hapo. Wa tatu alinituma Otonglo, kwa mama mmoja anayekanda watu nyuma ya vibanda vya soko. Nilimkuta ni mwembamba, nikamdharau. Dharau hiyo ilidumu mpaka aliponishika. Aliuvuta mkono wangu kama anang'oa muhogo, nikamwita marehemu mama yangu kwa sauti kubwa, na watu waliokuwa wananunua nyanya wakaja kuchungulia wakiwa bado wamezishika. Nilirudi nyumbani nimepakwa mafuta ya kondoo mpaka shingoni. Mkono uliokuwa unafika kifuani sasa ulikuwa unafika tumboni, na paka wa mtaa mzima walinifuata hadi mlangoni.

Ndipo nikakubali kwenda hospitali. Lakini kabla sijafika huko lazima nieleze habari ya mkwe wangu, la sivyo mtu hatanielewa.

Kwetu mama mkwe na mume wa binti yake hawazoeani. Ni heshima. Mama yangu akikutana na mkwe wake njiani alikuwa anaingia kwenye mahindi ya watu, anasimama huko mpaka apite. Siku hizi naona wanawake wa rika langu wanakumbatiana na wakwe zao harusini, wanapiga picha wamewaegemea. Shauri yao. Mimi sikulelewa hivyo. Binti yangu alipoolewa, nilimsalimia mumewe kwa kupitia mume wangu: “Muulize mgeni kama ameshiba.” Mgeni naye anamjibu mume wangu kwamba ameshiba. Hivyo ndivyo tulivyoishi, kwa amani kabisa, na nilimpenda kijana yule kwa jinsi alivyojua kukaa mbali nami. Nilijua anafanya kazi ya hospitali kule Awasi. Kazi gani hasa, sikuuliza, kwa sababu kumuuliza mkwe mambo mengi pia ni kumzoea.

Basi hospitalini, hapa hapa mjini, daktari aliupandisha mkono wangu, nikalia, akaushusha, nikalia tena. Akasema, “Mama, hii bega imeganda.”

“Imeganda? Hapa Kisumu? Mimi nasimama mbele ya moto kutwa nzima!”

Akanieleza kwamba si baridi, ni ugonjwa unaowapata watu, na kwamba unaondoka kwa mazoezi. Akanielekeza chumba cha mwisho kwenye korido, kwa watu wanaonyoosha viungo. Nesi wa huko akaniambia nikae juu ya kitanda kirefu na nishushe blauzi upande wa bega. Nikashusha. Bega likawa nje, na kamba ya sidiria ambayo nilikuwa nimeahidi kuitupa tangu Krismasi nayo ikawa nje. Nesi akatoka. Mlango ukafunguliwa, akaingia mwanamume mwenye koti jeupe, anasoma cheti changu, anapiga mluzi.

Aliliona bega kabla ya kuiona sura. “Haya Mama,” akasema kwa furaha ya kazi, “tuone hii bega inasema nini.”

Kisha akaiona sura.

Alikuwa mkwe wangu. Alikuwa amehamishwa kutoka Awasi juma lile lile. Binti yangu alikuwa amenipigia simu kunipa habari hiyo, nikamkatiza ili nimweleze kuhusu bega langu.

Alirudi kinyumenyume, cheti amekiweka mbele ya uso, akagonga mlango kwa kisogo, akatoka. Mimi nikatokea mlango wa pili, blauzi nimeikusanya kwa mkono wa kushoto, nikapita katikati ya foleni kwa kasi ambayo sikujua ninayo. Watu waliona mgonjwa anakimbilia huku na mtabibu anakimbilia kule, wakadhani kuna nyoka. Mzee mmoja aliyekuwa kwenye benchi na mkongojo wake alisimama akakimbia, mkongojo ukabaki. Nikasikia baadaye kwamba watu wake walifurahi sana, wakaisifu hospitali.

Nyumbani nilijifunika leso nikakaa jikoni. Binti yangu alipiga simu, na nilisikia sauti ya mtu anayejizuia kucheka.

“Mama, lakini hiyo ni kazi yake. Anashika mabega ya watu kutoka asubuhi mpaka jioni.”

“Ashike ya watu. Yangu si ya watu.”

“Mwenzake ako leave. Utangoja mpaka lini?”

“Nitangoja.”

Akaanza kunisomea kwa simu mazoezi ambayo mumewe alikuwa ameyasema: nisimame mbele ya ukuta, nipandishe vidole polepole, nishuke, nipande tena. Nilijaribu mara moja. Mume wangu akapita, akanikuta nakwea ukuta kama mjusi, akaniuliza kama kuna kitu nimepoteza huko juu. Sikurudia.

Wakati huo huo ndipo ule mchezo mpya wa maswali ulipoanza kwenye televisheni, Jumapili jioni kabla ya giza kuingia. Mtangazaji ni kijana mwenye suti inayometameta, na washindani wanasimama kwenye mstari. Anayejua jibu anainua mkono juu ya kichwa na kuuweka hapo hapo mpaka aitwe. Akiushusha, amepoteza. Mume wangu aliupenda mchezo huo kama alivyolipenda basi lake. Aliamua tuucheze nyumbani, yeye na mimi, kwa sheria zile zile. Na hapo ndipo mateso yangu yalipozidi, kwa sababu mimi majibu ninayo. Nafunga samaki kwenye magazeti, na sifungi bila kusoma. Nazijua habari za dunia nzima, ijapokuwa nyingi zinaishia pale karatasi ilipochanwa.

Mtangazaji akauliza ni mnyama gani ana mioyo mitatu. Mume wangu akainua mkono hadi karibu na dari. “Ng'ombe!”

“Pweza,” nikasema.

“Mkono uko wapi?”

“Unajua mkono wangu uko wapi!”

“Sheria ni sheria. Jibu bila mkono haihesabiki.”

Alijipa pointi kwa sababu ng'ombe, alisema, angalau amejibiwa kihalali. Nimeishi na mwanamume huyu maisha yangu yote ya ukubwani, na sikuwahi kutaka kumpiga na mwiko kama nilivyotaka jioni ile.

Jumapili iliyofuata, binti yangu na mumewe wakaja baada ya kanisa, na sukari, mkate na mafuta ya kupikia, maana mkwe haji mikono mitupu. Binti yangu alisema TV yao imekufa na wangependa kuangalia mchezo. Nikashangaa mkwe anavyopenda maswali, lakini nikapika. Nilimsalimia nikiwa nyuma ya pazia la mlango wa jikoni: “Oimore, ora.” Akaniitikia akiwa ameutazama ukuta. Ora ni mkwe kwa lugha yetu, na hayo ndiyo yalikuwa maneno yetu ya siku nzima. Yeye alikaa kiti cha karibu na mlango wa nje, mimi nikaweka kigoda changu kati ya jikoni na sebule, pazia nusu, ili nione televisheni bila kuonekana mzima.

Mchezo ukaanza, mume wangu akaanza kuninyanyasa kama kawaida. Mkwe wangu akakohoa.

“Mzee,” akamwambia mume wangu, “hii mchezo yenu haina refa.”

Mume wangu akakubali mara moja. Mtu aliyepigwa tochi ya spidi na polisi wa barabarani miaka yote hiyo anapenda sana sheria zikiwa upande wake.

“Na kila mchezaji lazima akue na mstari yake,” mkwe akaendelea. “Mkono ikigusa mstari, jibu inahesabika. Lakini mstari inategemea na mtu. Hata kwa mbio, wazee hawaanzi pamoja na vijana.”

Akaomba chaki. Mstari wa mume wangu akauchora juu kabisa, juu ya kalenda. Wangu akamwelekeza binti yangu auchore kwenye fremu ya mlango, kando ya kigoda changu, chini ya kidevu. Yeye mwenyewe hakunisogelea. Alisimama mbali, amefumba jicho moja, anasema, “Shusha kidogo. Hapo.”

Mkono wangu ulifika hapo. Kwa shida, meno nimeyauma, lakini ulifika. Jioni ile nilimshinda mume wangu vibaya sana, na nilipolala bega liliuma na mimi nilikuwa nacheka.

Wakaja Jumapili iliyofuata, na nyingine, TV yao ikiwa bado imekufa. Nilianza kuona kwamba ule mstari unazidi kunisumbua. Nikadhani bega linarudi nyuma. Kwa hiyo katikati ya juma nikawa najizoeza, kwa sababu ya mume wangu tu, ili asije akanicheka. Nilihamisha kopo la majani ya chai kutoka mezani hadi rafu ya chini, halafu rafu iliyo juu yake, na kila nikitaka chai nilikuwa nalifuata kwa mkono wa kulia huku nikilitukana. Nilikunywa chai nyingi sana siku zile.

Siku moja nilikuwa napangusa ile fremu ya mlango. Chini ya mstari wangu nikaona mwingine uliofifia. Chini ya huo, mwingine. Ilikuwa kama pale tulipokuwa tukipima urefu wa binti yetu alipokuwa mdogo. Nikasimama na kitambaa mkononi, damu ikanipanda. Nikampigia simu.

“TV yenu imepona?”

Akasema, “Mama, TV yetu haijawahi kuwa mgonjwa.”

“Na ni nani anapandisha hii laini?”

“Ni mimi, wewe ukiingia kuchukua chai. Yeye ananionyesha kwa kidole.”

Nikamwendea mume wangu sebuleni. Kitambaa kilikuwa bado mkononi. “Huyu kijana wenu amenitibu bila ruhusa yangu!”

Mume wangu akapunguza sauti ya televisheni. “Kwa hivyo,” akasema, “umekuwa ukinishinda na dawa?”

Nilikaa jikoni na hasira yangu mpaka chai ikapoa. Nilitaka kumwambia binti yangu wasije tena. Halafu nikanyoosha mkono kulichukua lile kopo, nikaona lilipo. Lilikuwa juu ya kichwa changu. Nilikuwa nimelilaani kila siku bila kuangalia. Machozi yalinitoka, na sioni aibu kuyataja. Yule mtoto wa watu alikuwa amekaa Jumapili zote hizo kwenye kiti kigumu cha mlangoni, anaangalia ukuta, anamsikiliza mume wangu akisema pweza ni aina ya ng'ombe, ili mimi nipone bila kuniaibisha. Jumapili ikifika nilikuwa naingia kuchukua chai, nakawia huko kusudi, ili wapate nafasi ya kupandisha mstari.

Kisha jirani yangu wa jiko akanipigia, kwa upole wake ule ule, kuniuliza kama naweza kumpa jibu kuhusu nafasi. Nikamwambia Jumatatu asubuhi nitakuja mwenyewe na beseni langu kichwani, na nisipokuja na beseni, karai lake likae katikati. Nilisema kwa ukali ili asisikie jinsi nilivyokuwa sina hakika. Kopo la chai si beseni. Mkono wangu ulikuwa unafika juu ya kichwa, lakini haukuwa unanyooka, na ulikuwa unatetemeka.

Jumapili ya kabla ya hiyo Jumatatu, mstari wangu niliukuta mwisho kabisa wa fremu, mahali ambapo mlango unaishia. Nikautazama nikiwa kwenye kigoda. Nikiwa nimekaa nisingeufikia. Ilikuwa lazima nisimame, nitoke nyuma ya pazia, ninyooke mzima mbele ya mkwe. Nikaacha swali la kwanza lipite. Nikaacha na la pili, ingawa nililijua. Mume wangu alikuwa anajikusanyia pointi kwa majibu ambayo ningeona haya kuyaandika. Mkwe wangu alikuwa ameukazia ukuta macho, na mguu wake mmoja ulikuwa unagonga sakafu.

Halafu yule kijana wa suti akauliza: ni samaki gani aliye mkubwa kuliko samaki wote duniani?

Kuniuliza mimi! Samaki! Nilisimama kabla sijajua nimesimama, kigoda kikaanguka, pazia nikalisukuma, na mkono wangu wa kulia ukaenda. Ulipita kidevu, ukapita kichwa, kitu ndani ya bega kikalia, nikauma meno, nao ukaendelea hadi kiganja kizima kikagonga ubao wa juu wa mlango.

“Mbuta!” nikapiga kelele. “Mbuta! Mbuta!”

“Samahani,” mtangazaji akasema, akimjibu mtu mwingine huko alikokuwa, “jibu ni papa nyangumi.”

“Papa!” mume wangu akaruka. “Muuza samaki ameshindwa na samaki! Refa! Refa, umeona?”

Refa hakuwa anaona televisheni. Mkwe wangu alikuwa ametoka kwenye kiti chake, amevuka sebule yote, ameushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, mmoja kwenye kiwiko na mwingine begani, na alikuwa anauzungusha. “Imefunguka!” alikuwa anasema. “Mama, imefunguka! Ona, inazunguka mpaka nyuma! Inaenda yote!”

Binti yangu aliziba mdomo. Mume wangu akaacha kuruka, rimoti ikiwa hewani. Tangazo la sabuni likaanza, na hapo ndipo kijana alipogundua ameshika nini. Uso wake ukabadilika rangi. Nilihisi vidole vyake vikilegea kimoja kimoja juu ya bega langu, naye akianza kurudi kinyumenyume kama siku ile ya hospitali.

“Ora,” nikamwambia, na nilikuwa namtazama usoni, “usiachilie bado. Hapo kwa nyuma ndio kunauma zaidi, na kesho niko na beseni.”